Jogoo wa Kukomboa Springi

Springi nne za mume wangu zilibebwa siku ya kuanua matanga yake, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, sina nguvu hata ya kuinua kikombe cha chai. Gereji yetu iko hapo hapo uani, mtaani kwetu Pasiansi. Nikamwona shemeji yangu anatoka humo, springi mbili kazivaa mikononi kama bangili, mbili kazibeba begani, anaiga mlio wa injini kwa mdomo. Akaiga na mwendo wa marehemu, ule wa kuburuza kidogo mguu wa kulia.

"Nipisheni jamani! Nawahi mbio Sengerema, hilo kaburi nitalirudia jioni!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, alicheka naye huku anajifuta machozi kwa pindo la kanga. Mimi sikucheka.

Nieleze, maana si kila mtu anatoka kwetu. Shemeji huyu ni binamu ya mume wangu, mtoto wa mjomba wake, na kwetu Wasukuma binamu ni mtani. Msibani mtani ana ruhusa yake. Anamwiga marehemu, anawazuia wachimba kaburi, anabeba kitu cha marehemu na kukimbia nacho. Baadaye wafiwa wanakikomboa kwa jogoo au kitu chochote kidogo, yeye anakirudisha, mnacheka na machozi yanapungua. Ni desturi nzuri na siikatai. Tena ina sheria moja kubwa, kwamba mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Basi nikafuata desturi. Baada ya msiba nikanunua jogoo, mwekundu, mkubwa, ana kishungi cha kujidai, nikampeleka mwenyewe kwa shemeji. Akampokea kwa mikono miwili. Akamchinja, akaita rafiki zake, wakala. Mimi nimekaa pale nasubiri nikabidhiwe springi. Sahani zilipoondolewa nikamwambia, "Haya shemeji, nipe mzigo wangu niende."

Akajichokonoa meno, akaniangalia. "Springi gani, shemeji?"

Rafiki zake wakaangua kicheko. Nikadhani anatania kwa mara ya mwisho kabla ya kunipa. Thubutu! Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mwezi ule ule nikasikia kutoka kwa fundi wetu, yule aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu, kwamba springi zimefungwa kwenye gari la shemeji. Akaenda nazo kwenye mbio za magari za kiangazi na akashinda. Walimbeba juu juu. Wakati wanambeba alipiga kelele, "Hii ni ya marehemu!" na watu wakaona ana moyo mzuri sana.

Ana moyo mzuri! Nilikaa jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, damu inanichemka, nikala kiapo peke yangu. Springi zile zitarudi. Tena hazitarudi kwa siri wala kwa kuombaomba kwa wazee. Zitarudi mbele ya watu wale wale, na atakayechekwa ni yeye.

Nilimwambia mama mkwe. Akaniambia, "Mwanangu, mtani hatumkasirikii. Kununa kwako kunatuaibisha." Nikamjibu, "Sawa mama," nikaondoka.

Mtu atauliza, vyuma vinne tu, kelele zote hizi za nini? Mume wangu alizitafuta springi zile msimu mzima wa mvua, na ule ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho, ingawa hatukujua. Alikuwa fundi magari, mimi nashona viti vya magari, kibanda changu kiko ubavuni mwa gereji yake. Gari la mbio tuliliunda wawili. Ni kigari kidogo cha milango miwili, tulikivua viti, zulia, redio na kila kisichokimbia, tukabakiza kiti cha dereva ambacho nilikishona mwenyewe. Mbio zenyewe ni za watu wa kawaida tu, mafundi, madereva, daktari mmoja wa meno, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila kiangazi tunavuka kwa kivuko kwenda upande wa Sengerema, kwenye shamba ambalo mwenyewe ameturuhusu kuchonga njia ya mzunguko kwa udongo. Hakuna lami. Udongo ule ukikauka unajikunja migongo migongo kama bati la nyumba.

Sasa hapo kwenye migongo ndipo wengi wanapokosea. Hapa kwetu mtu akisema gari la mbio, wa kwanza kujibu atasema lifanye gumu. Wanachukua springi za gari la mizigo, wanazikata kwa grenda zipungue urefu, wanafunga. Halafu wanaliegemea boneti kwa kiganja, likigoma kushuka wanapeana mikono. Lo, raha iliyoje! Wakiingia kwenye migongo gari linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, dereva anageuza usukani kushoto na kulia na gari halimsikii. Mume wangu alikuwa akisema tairi lililo hewani halina dereva. Springi inatakiwa ishuke na kupanda, tairi libaki chini linauma udongo.

Yeye alianza na uzito. Alilipeleka gari kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akaomba mzani wa magunia, akapandisha tairi moja moja juu yake huku wenye mpunga wao wanalalamika foleni. Kwa hiyo alijua kila kona ya gari inabeba nini. Kisha akaanza kuzunguka kwa wauza spea za mtumba, na kila springi aliyoipenda aliijaribu nyumbani kwa namna yake. Anaisimamisha kwenye bomba ili isiruke, anaweka ubao juu, na juu ya ubao mfuko wa saruji. Mimi nashika tepu. Springi ikishuka sana chini ya mfuko ni laini, ikishuka kidogo ni ngumu. Hapo hakuna kubishana wala kuegemea boneti. Saruji ilinichafua nywele msimu mzima, na nilikuwa nalalamika, na leo ningetoa chochote nichafuliwe tena.

Kitu kimoja alichogundua ni hiki. Njia yetu tunaizunguka kwa kulia, kona karibu zote zinakata kulia, na gari likikata kulia mzigo wote unaegemea kushoto. Basi mbele na nyuma, upande wa kushoto alipanga kuweka springi ngumu kidogo kuliko ya kulia. Kidogo tu. Kwa macho zote ni sawa, urefu mmoja, mizunguko ile ile, ila za kushoto chuma chake ni kinene kwa tofauti ambayo lazima uitafute. Ili asichanganye akaniomba rangi yangu ya kucha, nyekundu, akatia nukta kwenye zile za kushoto. Hata hakuwahi kuzifunga kwenye gari. Presha ilimchukua wiki ambayo tulipanga kuzifunga, na siku shemeji anazibeba zilikuwa zimening'inia ukutani, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia.

Mwaka uliofuata nikaamua nitaendesha mwenyewe. Fundi wetu hakunicheka, alisema tu, "Mama, springi huna." Nikamwambia twende Nyegezi.

Kule Nyegezi muuzaji mmoja ana rundo la springi linalofika kiunoni, zenye kutu, zenye mafuta, nyingine zimeshalala kabisa, yaani zimechoka na haziwezi kusimama kwa urefu wake. Nilivyomweleza ni za gari la mbio akanitolea za gari la mizigo, nzito kama mtoto.

"Chukua hizi dada, ngumu kabisa, mumeo atafurahi."

"Mume wangu amekufa, na angekuwepo angekurushia hizo," nikamwambia. Akazirudisha, akaniacha nichague.

Nilipekua rundo lile mpaka vidole vikawa vyeusi. Nikachukua za aina kadhaa zilizonivutia, tukarudi Pasiansi, nikatoa bomba, ubao na mfuko wa saruji. Safari hii tepu alishika fundi. Za kwanza zilishuka kupita kiasi. Nyingine zilikuwa pacha kwa sura lakini moja ikashuka mara mbili ya mwenzake, maana ilikuwa imelala. Kila mfuko ulipotua juu ya ubao nilikuwa namwona shemeji na meno yake anayachokonoa. Hasira ni chakula, nawaambieni, sikusikia njaa wala mgongo. Tulirudi Nyegezi tena na tena mpaka muuzaji akawa ananiwekea kigoda. Mwishoni nikapata nne, si nzuri kama zile, lakini zinakaribia. Za kushoto nikazitia nukta ya rangi ya kucha.

Watu waliopita gereji waliliegemea boneti, likashuka vizuri na kupanda mara moja. "Khaa! Hili gari au kitanda?" Wacheni wacheke, nikasema moyoni.

Ilipobaki siku moja tuvuke, shemeji akaja. Nilikuwa kibandani nashona kiti cha basi. Amekuja na soda mbili baridi, sauti tamu kama asali, nikajua ana shida.

"Shemeji, unajua gari langu nimelipendezesha. Na springi nimezipaka rangi ya bluu, zinang'aa hizo!"

"Springi gani, shemeji?" nikamuuliza.

Akacheka. Angalau aibu ilimpitia usoni, ingawa haikukaa. Akasema katika kupaka rangi alama zote zimefunikwa, na sasa ameshindwa kukumbuka. Mbili ni nene kidogo. Zinakaa kushoto au kulia?

Nikashusha mkasi. Ningeweza kumfukuza. Ningeweza kumdanganya. Nilimtazama mtu aliyekula jogoo wangu na kuvaa msiba wangu mikononi kama bangili, nikapata kitu kingine kabisa.

"Za nene zinakaa kushoto," nikamwambia. "Kona zinakata kulia, mzigo unaenda kushoto. Kaka yako alizipanga hivyo."

Ilikuwa kweli tupu. Na niliisema kwa roho mbaya kuliko uongo wowote niliowahi kusema, kwa sababu nilimjua. Tangu nimeolewa, mimi na yeye hatujawahi kuambiana kweli. Nikimwambia chakula kimeiva anauliza nimetia sumu gani. Akiniambia nimependeza naenda kuangalia kioo. Huo ndio utani wetu, na ndani yake alikuwa amejificha muda wote huu akiniibia. Nikataka kuona kama atatoka.

Akatabasamu polepole, meno yote nje. "Haya, shemeji. Nimekusikia. Kushoto." Akanikonyeza. Aliondoka anapiga mluzi, na hata soda zake alizisahau. Nilikunywa zote mbili.

Asubuhi tulivuka, magari yamepangwa kwenye kivuko na upepo wa ziwa unatupiga. Gari lake lilikuwa mbele yangu, bluu inang'aa kwenye matairi. Nikainama kama mtu anayefunga kiatu, nikazipima kwa vidole. Springi nene ilikuwa kulia. Nikashika bampa kwa furaha.

Naomba nisieleweke vibaya, sikumtakia afe. Tunavaa helmeti, tunafunga mikanda, na nje ya kona ya mwisho hakuna mti wala jiwe, kuna majaruba ya mpunga tu. Mpunga ulishavunwa lakini yale ya karibu na kijito yalikuwa bado na tope la kufika magotini. Hilo tope nililijua. Nisiseme uongo, nililiwaza usiku kucha.

Tulipoanza alitoka mbele. Ana mkono mzuri wa kuendesha, siwezi kumnyima. Mimi nilikuwa nyuma mpaka tukafika kwenye migongo. Pale gari la mwenye duka la vifaa vya ujenzi likaanza kurukaruka kwa ugumu wake, nikampita. Langu lilipita linanong'ona tu, tairi chini, usukani unanisikia. Nikacheka ndani ya helmeti kama mwehu. Kiti nimeshona mimi, springi nimechagua mimi, na yeye aliyenifundisha kushika tepu hayupo. Nikamwita kwa sauti, hakuna aliyesikia.

Kila kona nilikuwa naona gari la shemeji linainama kushoto kupita kiasi, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja. Alilivumilia. Alilivumilia mpaka mzunguko wa mwisho, akaingia kona ya mwisho kwa kasi anayoipenda. Gari likalala upande wa kushoto, tairi likagusa bodi, likakataa kugeuka. Likaondoka kwenye njia taratibu, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, likaingia kwenye jaruba. Tope likaruka juu likamwagika kwenye kioo chote.

Sikushinda. Nilimaliza wa pili, alishinda daktari wa meno, na hakuna mtu anayelikumbuka hilo. Watu wote walikuwa wameshakimbilia kwenye jaruba. Shemeji alitokea dirishani mzima, meno tu ndiyo meupe. Mwenye shamba akaleta ng'ombe wake wawili wa plau, wakafungwa kamba, wakalivuta lile gari la bluu hadi nchi kavu huku watu wanawashangilia ng'ombe.

Hapo nikachukua jeki na spana kwenye gari langu, nikamwita fundi wetu. Tukainua gari la shemeji. Akaja mbio, matope yanamdondoka.

"Shemeji, unafanya nini?"

Nilianza kuomboleza. Kanga sikuwa nayo, nikajifunika kichwa kwa koti la mbio, nikazunguka gari nikilia kwa sauti ya msiba kabisa, "Yuuuwi! Ameondoka kijana wetu! Ameingia majarubani na viatu!" Nikamwiga anavyokonyeza. Nikamwiga anavyopiga mluzi. Watu walilala chini kwa kucheka. Fundi alinipa springi moja moja, nikavaa mbili mikononi na mbili begani, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umeshakolea, nikafungua na usukani nikauvaa shingoni.

Alikuwa anatweta. Niliona hasira inampanda shingoni, na niliona anavyoimeza, maana watu walikuwa wanamwangalia na hapo hakuna mtu asiyejua sheria. Mtani hakasirikiwi.

"Uliniambia kushoto," akasema kwa sauti ya chini.

"Nilikuambia kushoto."

Nikaondoka na mzigo wangu.

Nyumbani nilikaa na springi zile kibandani, nikachukua wembe, nikaanza kuikwangua ile bluu taratibu. Kwenye ile nene ya mbele, chini ya rangi, nukta nyekundu ikatokea. Imepinda kidogo, kwa sababu siku ile mume wangu alikuwa amekataa nimpakie, anasema anaweza mwenyewe, na brashi ya rangi ya kucha ilikuwa imempotea kwenye vile vidole vyake vinene. Nililia pale kuliko nilivyolia msibani. Kesho yake nikazifunga kwenye gari, na nne za Nyegezi nikazitundika ukutani.

Baada ya siku chache shemeji akaja na jogoo. Mweupe, mnene, amefungwa miguu kwa kitambaa kisafi. Mama mkwe alikuwepo, akafurahi sana kuona desturi inafuatwa. Nikampokea jogoo kwa mikono miwili. Nikamkaribisha shemeji ndani ya gereji kwenye kivuli, nikamchinja jogoo, nikampika kwa nazi na pilipili kidogo, nikasonga ugali. Tukala. Alisifia mchuzi, nami nikamwongezea kipaja. Tulicheka vizuri tu, hata nikamkumbuka alivyokuwa zamani, kabla ya yote haya.

Alipomaliza akanawa mikono, akainua macho ukutani juu ya kichwa changu, pale nilipokuwa nimeutundika usukani wake, msafi, nimeupaka na mafuta.

"Haya shemeji," akasema. "Nipe mzigo wangu niende."

Nilichukua kijiti, nikajichokonoa meno bila haraka.

"Usukani gani, shemeji?"